Ngazi za arifa zilizokwama kwenye sifuri: uchambuzi wa kisa cha hifadhidata iliyozimika usiku

Majina ya kampuni, watu na mashine yameondolewa, na saa zimesogezwa kidogo. Mfuatano wa matukio na mipangilio ya programu vimebaki vilivyokuwa.

## Usuli

Kampuni hii inaendesha mfumo wa kumbukumbu kwa niaba ya wateja wake, na wateja hao huanza kuutumia mapema asubuhi kabla ofisi nyingi hazijafunguliwa. Nyuma ya mfumo kuna seva kadhaa za wavuti, hifadhidata kuu ya PostgreSQL, na nakala ya hifadhidata hiyo kwenye mashine ya pili inayopokea mabadiliko muda wote. Ufuatiliaji unafanywa na Nagios Core, programu inayopima mifumo na kutuma arifa kunapotokea tatizo. Mafundi ni wachache: wanaopokezana zamu, wazoefu wawili wanaoijua hifadhidata kwa undani, na meneja wa mifumo.

Nagios inatenganisha mashine na huduma. Mashine ni kompyuta yenyewe, na mara nyingi hupimwa kwa ping tu, yaani kuangalia kama inajibu kwenye mtandao. Huduma ni kile kinachopimwa juu ya mashine: nafasi iliyobaki kwenye diski, hifadhidata kukubali kuunganishwa, nakala kubaki nyuma kwa kiasi gani. Kila upande una mipangilio yake ya arifa, makundi yake ya wapokeaji na ngazi zake za kupandisha. Naomba msomaji aushike mgawanyo huu tangu sasa, kwa sababu ndani yake ndimo tatizo lilimojificha.

Ngazi za kupandisha arifa za huduma zilikuwa tatu. Arifa ya kwanza na ya pili zilikwenda kwa fundi wa zamu. Kuanzia ya tatu waliongezwa wazoefu. Kuanzia ya sita ilikwenda kwa meneja. Kati ya arifa na arifa zilipita dakika 10, kwa hiyo katika hesabu zao wazoefu wangeamshwa dakika ya 20 tangu arifa ya kwanza na meneja dakika ya 50. Ngazi ya pili iliandikwa hivi:

```
define serviceescalation {
    hostgroup_name         seva-za-msingi
    service_description    *
    first_notification     3
    last_notification      5
    notification_interval  10
    contact_groups         zamu-huduma,wazoefu
}
```

Ukiusoma haraka, mpangilio huu unaonekana kuhusu muda: dakika 20 zikipita, ita wazoefu. Kumbe hakuna saa ndani yake. Namba 3 pale ni idadi ya arifa. Nagios inahesabu arifa zilizotoka kweli kwa tatizo husika, na hesabu ikifika tatu ngazi ya pili inaanza kazi. Dakika 20 ni matokeo tu ya arifa mbili kutangulia na kupishana kwa dakika 10. Arifa zisipotoka, muda unapita na hesabu haisogei.

## Mabadiliko yaliyotangulia

Wiki kadhaa kabla ya tukio kikosi kilikuwa kimechoka na kelele. Simu ya zamu ililia usiku kwa maonyo madogo, mafundi walilalamika, na meneja akakubali kupanga upya. Uamuzi ulikuwa wa busara: kutenganisha zamu ya mchana na ya usiku. Simu ya mchana ingebaki ofisini, na simu ya usiku angeondoka nayo fundi wa usiku, anayelipwa posho ya zamu hiyo.

Mpaka siku hiyo kulikuwa na mpokeaji mmoja wa zamu, mwenye kipindi cha saa 24 siku saba, na alikuwa ndani ya makundi mawili. Kundi la zamu-mashine lilitumiwa na kiolezo cha mashine (mpangilio wa pamoja ambao mashine nyingi huurithi), na kundi la zamu-huduma lilitumiwa na kiolezo cha huduma. Fundi aliyefanya mabadiliko alimgawa mpokeaji huyo kuwa wawili. Wa mchana alipewa kipindi cha saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, wa usiku akapewa muda uliobaki. Wa mchana akachukua nafasi ya yule wa zamani katika makundi yote mawili. Wa usiku aliingizwa kwenye zamu-mashine peke yake.

Mstari mmoja ulisahaulika. Programu ilipokaguliwa kwa `nagios -v` haikutoa kosa wala onyo. Ukaguzi ule unaangalia kama kila jina lililotajwa lipo na kama sintaksia ni sahihi. Huduma isiyo na mpokeaji kabisa ingetolewa onyo, lakini hii ilikuwa naye, ila alikuwa mpokeaji wa mchana tu.

Kikosi kilifanya majaribio mawili, na yote yalifaulu. Usiku wa kwanza walizima seva ya majaribio, na simu ya usiku ikalia ndani ya dakika chache. Kesho yake mmoja wa wazoefu alifungua ukurasa wa huduma mojawapo kwenye kiolesura cha wavuti, akatuma arifa maalumu huku ameweka alama kwenye kisanduku cha kulazimisha na kile cha kutangaza kwa wote. Simu zote zikalia, ya meneja ikiwemo. Kazi ikafungwa.

Siku zilizofuata usiku ulikuwa shwari, na utulivu huo ukahesabiwa kuwa tunda la mpango mpya.

## Usiku wa tukio

Jioni mtandao kati ya mashine kuu na nakala uliyumba, na nakala ikaacha kupokea mabadiliko. Hifadhidata kuu ilikuwa na nafasi ya urudufishaji iliyotengwa kwa ajili ya nakala hiyo. Katika PostgreSQL nafasi ya namna hiyo ni ahadi: mashine kuu haitafuta kumbukumbu za miamala ambazo nakala haijazipokea. Nakala ikinyamaza, kumbukumbu zinalundikana kwenye diski.

Saa 3:05 usiku huduma inayopima kuchelewa kwa nakala iliingia hali ya CRITICAL, yaani hatari. Saa 4:06 diski ya mashine kuu ilivuka kiwango cha onyo, na saa 7:18 ikavuka kiwango cha hatari. Saa 10:42 nafasi ilikwisha kabisa, PostgreSQL ikashindwa kuandika kumbukumbu zake na ikajizima. Kipimo cha kuunganishwa na hifadhidata nacho kikaingia hali ya hatari.

Huduma tatu, zote mbaya, zote zimethibitishwa na programu. Hakuna simu iliyolia. Mashine yenyewe ilikuwa hai na inajibu ping kama kawaida, kwa hiyo upande wa mashine, ambao arifa zake za usiku zilikuwa nzima, haukuwa na la kusema.

Saa 12:25 asubuhi mtu wa huduma kwa wateja alipigiwa na mteja wa tatu, akampigia mmoja wa wazoefu nyumbani. Huyo aliongeza ukubwa wa diski, akaiwasha hifadhidata, akaifuta nafasi ya urudufishaji iliyokwama na kuacha nakala itengenezwe upya baadaye. Saa 1:50 asubuhi mfumo ulikuwa unafanya kazi na vipimo vyote vimerudi kijani.

Dakika 10 baadaye ndipo kipindi cha mpokeaji wa mchana kingeanza. Tatizo lilizaliwa, likakua, likaangusha huduma na likatatuliwa bila arifa hata moja kutoka. Hata arifa ya kupona haikutumwa, kwa kuwa Nagios haitangazi kupona kwa tatizo ambalo haikulitangaza.

## Uchunguzi

Niliitwa kusaidia kutafuta sababu, na nikawakuta na dhana nne mezani. Nazipitia kwa sababu kila moja ni ya kweli mahali pengine, na fundi atakayekutana na ukimya wa aina hii atapita njia hizohizo.

Ya kwanza ilikuwa njia ya kutuma meseji. Pengine hati (programu fupi) inayotuma ujumbe ilikwama, au salio liliisha. Tuliiendesha kwa mkono kama mtumiaji wa nagios, maana kuiendesha kama msimamizi mkuu huficha matatizo ya ruhusa, na meseji ikafika. Isitoshe, hati ikishindwa, logi ya Nagios, faili ambamo huandika matukio yake, bado huonyesha kwamba arifa ilitumwa. Huku haikuonyesha.

Ya pili ilikuwa kukiri tatizo, yaani fundi kuiambia programu kwamba ameliona ili iache kutuma arifa. Fundi akikiri onyo la diski mchana na kisanduku cha kunata kikiwa na alama, ukimya huo hudumu mpaka huduma irudi salama, hata onyo likigeuka hatari usiku. Hii ni sababu ya kawaida sana ya simu kutolia, na ndiyo niliyoitegemea. Lakini onyo lilianza usiku, na logi haikuwa na amri yoyote ya kukiri.

Ya tatu ilikuwa `notification_interval` kuwa sifuri kwenye huduma. Ikiwa sifuri, programu hutuma arifa moja na kunyamaza, na ngazi zinazoanzia arifa ya tatu hazifikiwi. Ilikuwa 10.

Ya nne ilitoka kwa meneja: ngazi zimewekwa mbali mno, zisogezwe, wazoefu waanze arifa ya pili. Tuliiweka kando, maana hakuna namba ya kuanzia ambayo ingesaidia kama hesabu haijaondoka sifuri, na tulikuwa tumeanza kuona dalili kwamba haikuondoka.

Dalili hiyo ilikuwa kwenye logi. Nagios ikithibitisha tatizo huandika mstari wa SERVICE ALERT wenye neno HARD, yaani vipimo vya kurudia vimekwisha na hali imekubaliwa. Inapoarifu mtu huandika mstari mwingine wa SERVICE NOTIFICATION, ukianza na jina la mpokeaji. Kwa usiku ule tulipata huu:

```
SERVICE ALERT: db-kuu;Diski;CRITICAL;HARD;3;DISK CRITICAL
```

Baada yake hapakuwa na mstari wa NOTIFICATION hata mmoja, si kwa fundi wa zamu, si kwa wazoefu, si kwa meneja. Swali likabadilika hapo hapo. Tulikuwa tunauliza kwa nini arifa hazikupanda ngazi. Sasa tukauliza kwa nini hazikuanza.

Mmoja wa mafundi vijana akakumbuka kitu. Asubuhi ile, kabla vipimo havijarudi kijani, alikuwa amefungua ukurasa wa huduma ya diski na kuupiga picha. Mbele ya sehemu ya arifa ya mwisho paliandikwa kwamba hakuna, na kando yake namba ya arifa ilikuwa 0. Huduma ilikuwa imekaa katika hali ya hatari kwa saa sita hivi, na hesabu yake ni sifuri. Picha ile moja ilitupeleka mbali kuliko mazungumzo yote yaliyoitangulia.

## Chanzo

Tulitengeneza nakala ya mipangilio kwenye mashine ya pembeni, tukabadilisha amri ya kutuma iwe inaandika kwenye faili tu, na tukawasha logi ya utatuzi kwa `debug_level=32`, kiwango kinachoonyesha maamuzi ya arifa. Kisha tukaiambia Nagios kwa amri ya nje ya PROCESS_SERVICE_CHECK_RESULT kwamba diski iko hatarini, tukaendelea kuituma amri hiyo kama kipimo cha kweli kingefanya. Saa ya mashine ile tuliiweka usiku.

Mwenendo ukaonekana wazi. Kila matokeo ya kipimo yalipoingia, programu iliongeza hesabu kutoka 0 kwenda 1 na kuangalia kama kuna ngazi inayoanzia arifa ya kwanza. Haikuwepo, kwa hiyo ilichukua wapokeaji wa kawaida wa huduma, yaani zamu-huduma. Humo kulikuwa na mtu mmoja, wa mchana. Ikamwangalia kipindi chake, ikamkuta yuko nje ya saa, ikamwacha. Orodha ikaisha bila kuarifiwa mtu, na programu ikairudisha hesabu kwenye 0, kwa kuwa hakuna arifa iliyotoka. Kipimo kilichofuata kikaanza palepale. Kwa utaratibu huu ingeweza kuendelea mwezi mzima.

Tulipompa mpokeaji yule kipindi cha saa 24, bila kugusa kitu kingine, hesabu ikaenda 1, 2, 3, na wazoefu wakaanza kupokea.

Huo si udhaifu wa programu kwa maoni yangu. Hesabu ya arifa inahesabu arifa, na arifa isiyomfikia yeyote haistahili kuhesabiwa. Kosa lilikuwa kwenye picha tuliyo nayo wengi wetu tunapopanga ngazi: tunadhani ngazi ya pili ipo kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza haipo. Katika mpangilio huu ngazi ya pili ipo kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza imeitwa na haikuitika. Fundi aliyelala usingizi mzito anapandisha arifa vizuri kabisa. Fundi asiye kwenye orodha anaikwamisha.

Majaribio mawili ya mwanzo nayo yakaeleweka. Kuzima seva kulipita njia ya mashine, ambayo ilikuwa nzima. Arifa ya kulazimisha hupuuza vipindi vya wapokeaji na vizuizi vingine vyote, hiyo ndiyo maana ya kulazimisha, na kutangaza kwa wote huwafikia hadi walio ngazi za juu bila kusubiri hesabu. Jaribio hilo la pili lilithibitisha kwamba simu zinapokea meseji. Kuhusu ngazi halikusema chochote.

## Maamuzi

Kumwingiza mpokeaji wa usiku kwenye zamu-huduma kulichukua dakika moja, na kulifanywa siku hiyohiyo. Mjadala mrefu ulikuwa juu ya mengine.

Uamuzi wa kwanza: ngazi ya kwanza ya kila huduma ya msingi iwe na mpokeaji mmoja wa saa 24 ambaye hahusiani na mtu. Walichagua namba moja ya zamu, na mabadiliko ya zamu yakahamishiwa kwenye simu yenyewe: fundi anayetoka anaielekeza namba kwa anayeingia. Faili la mipangilio haliguswi tena kila ratiba inapobadilika. Kuna gharama hapa, na mzoefu mmoja aliisema waziwazi: anayetoka akisahau kuielekeza namba, arifa zitamlilia yeye kitandani. Walikubali. Simu ikimlilia mtu asiye wa zamu, bado kuna mtu aliyeamka.

Uamuzi wa pili ulichukua muda mwingi zaidi, kwa sababu suluhisho la kwanza lilizaa tatizo jipya kwenye mashine ya pembeni. Hawakutaka maonyo yaamshe watu, kwa hiyo walipendekeza namba ya zamu ipokee hali ya hatari na kupona tu, na maonyo yaende kwenye sanduku la baruapepe la kikosi, nalo likiwa la saa 24. Inasikika vizuri. Lakini hesabu ya arifa hairudi sifuri onyo linapogeuka hatari. Inarudi huduma inapopona. Tukairudia diski ya usiku ule: onyo saa 4:06, baruapepe kila dakika 10, na muda mrefu kabla ya saa 7:18 hesabu imekwishafika mwisho wa ngazi ya pili. Hatari inapoingia, arifa inayofuata inaangukia ngazi ya tatu moja kwa moja. Ngazi ya pili ilikuwa imefungwa kwenye arifa ya tano, na ya tatu ilikuwa na kundi la meneja peke yake. Arifa ingeelekezwa kwa meneja kwanza, na fundi wa zamu asingeitwa kabisa, maana ngazi inapoanza kazi wapokeaji wa kawaida wa huduma wanawekwa kando, isipokuwa wametajwa ndani yake.

Walifanya mambo mawili. Kwanza waliondoa ukomo wa ngazi ya pili kwa kuweka `last_notification` kuwa 0, yaani bila mwisho, na kila ngazi ya juu ikabeba makundi ya chini yake. Pili, kwa huduma za msingi, waliyazuia maonyo kwenye huduma yenyewe: `notification_options` ikawa u,c,r, yaani hali isiyojulikana, hatari na kupona. Kizuizi kikiwa kwenye huduma, onyo halianzishi arifa na hesabu inabaki sifuri mpaka hatari yenyewe ifike, ngazi zikaanza mwanzo kama zilivyokusudiwa. Badala ya baruapepe za kila dakika 10, orodha ya huduma zote zilizo kwenye onyo inatumwa mara moja kila asubuhi, na fundi wa mchana anaipitia kabla ya kazi nyingine.

Kuna hasara, na nisingependa ifichwe. Onyo la saa 4 usiku halimfikii mtu mpaka asubuhi. Kwa diski inayojaa polepole haidhuru. Kwa diski inayojaa kwa kasi, kiwango cha hatari ndicho kinachobaki kukulinda, kwa hiyo walikishusha kwenye seva za hifadhidata ili kibakize saa kadhaa za kufanya kazi. Pia waliweka `max_slot_wal_keep_size` kwenye PostgreSQL, mpangilio uliopo tangu toleo la 13, ili nakala iliyokwama isiweze tena kujaza diski bila kikomo. Nakala itakayopitwa italazimika kutengenezwa upya, na hilo ni afadhali kuliko hifadhidata kuu kuzimika.

Uamuzi wa tatu ulikuwa hati ndogo ya ukaguzi. Nagios huandika faili la objects.cache lenye mipangilio yote baada ya violezo kufunguliwa, kila huduma ikiwa na wapokeaji wake halisi. Hati inalisoma na kuuliza swali moja kwa kila huduma ya msingi na kila saa ya wiki: je, katika ngazi ya kwanza yupo mpokeaji ambaye kipindi chake kinaigusa saa hii na anayekubali arifa za hatari? Jibu likiwa hapana, mipangilio mipya haipakiwi.

Pendekezo la kuhamia programu nyingine lilitolewa na likaachwa. Sababu yao ilinishawishi: mpangilio uleule wa makundi na vipindi ungehamishwa nao.

## Matokeo

Hati ya ukaguzi ilipoendeshwa mara ya kwanza ilizitaja huduma zote zilizotumia kiolezo kile, kama ilivyotarajiwa, na ikataja kundi ambalo hakuna aliyelifikiria: seva za nakala rudufu, ambazo wapokeaji wake walikuwa wa saa za kazi tangu zamani, kabla hata ya mgawanyo wa zamu. Kazi za kunakili data hufanyika usiku.

Kurudi nyuma kwenye logi kuliumiza zaidi. Katika wiki za utulivu kulikuwa na huduma zilizoingia hali ya hatari usiku zaidi ya mara moja na kupona zenyewe kabla ya asubuhi. Kila mara mstari wa ALERT ulikuwepo na wa NOTIFICATION haukuwepo. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye faili muda wote huo.

Waliongeza huduma ya mazoezi inayotumia `check_dummy`, kipimo kinachorudisha hali yoyote unayokiagiza. Inaingia hali ya hatari usiku mmoja wa wiki, kwa kiolezo kilekile cha huduma za msingi, na fundi wa zamu ameagizwa asiikiri mpaka wazoefu wapate meseji. Zoezi la kwanza lilifika ngazi ya pili vizuri. Walipoliacha liendelee hadi ya tatu, meneja hakupata kitu: kwenye ingizo lake chaguo za arifa za huduma ziliwekwa kutopokea lolote, na zile za mashine ndizo zilizojazwa. Lilirekebishwa usiku uleule, na hati ya ukaguzi ikapanuliwa iangalie ngazi zote.

Miezi iliyofuata hifadhidata ilipata tatizo la kweli usiku, tofauti na la kwanza. Fundi wa zamu aliamka kwa arifa ya kwanza na hakumhitaji mtu mwingine.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuanza na logi kabla ya kugusa mipangilio. Shinikizo la asubuhi ile lilikuwa kubadilisha kitu, chochote, ili uongozi uone hatua zimechukuliwa, na pendekezo la kusogeza ngazi lilikuwa tayari limeandikwa. Lingepakiwa, wangeamini wamepona, na usiku mwingine ungefanana na ule. Tofauti ya ALERT na NOTIFICATION ilitosha kuligawa tatizo katikati: ALERT ikiwepo na NOTIFICATION haipo, kosa liko kati ya uamuzi wa programu na orodha ya wapokeaji, zote zikiwepo na simu haikulia, kosa liko kwenye njia ya kutuma. Fundi yeyote wa zamu anaweza kuifanya hatua hii bila kujua lolote jingine kuhusu Nagios.

Kilichoshindwa zaidi, kwa maoni yangu, ni majaribio, na si ule mstari uliosahaulika. Mistari itasahaulika daima. Jaribio lililopaswa kuukamata lingekuwa rahisi: huduma moja, saa za usiku, bila kulazimisha, na kusubiri hadi arifa ya tatu. Badala yake yalichaguliwa majaribio yanayotoa jibu haraka, na kila moja lilikwepa sehemu ileile iliyobadilishwa. Kabla ya jaribio la arifa ni vizuri kuandika limepita wapi: mashine au huduma, saa ngapi, kipindi cha nani kilihusika, hesabu ilifika ngapi. Orodha hiyo ingewaonyesha kwamba hakuna aliyejaribu huduma usiku.

Utulivu nao ulipaswa kutiliwa shaka. Kikosi kilikuwa kimetoka kwenye kelele za kila usiku hadi kimya kabisa, ilhali mabadiliko yaliyofanywa yangeweza kupunguza maonyo tu. Kulinganisha idadi ya ALERT za hatari na NOTIFICATION zake kila wiki ni kazi ya dakika chache, na sasa wanaifanya.

Kulikuwa pia na bahati ambayo haipaswi kuhesabiwa kuwa mpango: mtu wa huduma kwa wateja aliyekuwa na namba ya nyumbani ya mzoefu. Njia hiyo ya pembeni sasa imeandikwa kwenye maelekezo ya zamu, pamoja na namba ya pili.

Jambo moja halijapata jibu zuri mpaka naandika. Kukiri tatizo kunahitaji kufungua kompyuta na kuingia kwenye kiolesura, na fundi aliyeamshwa akaona hifadhidata inaanguka hukimbilia hifadhidata kwanza. Dakika 20 zinapita, wazoefu wanaamka, na dakika ya 50 meneja naye anaamka kwa tatizo ambalo mtu tayari yuko ndani yake. Walijaribu kumwagiza fundi akiri kabla ya kitu kingine chochote. Usiku wa kwanza wenye shida alisahau, na simlaumu. Wanatengeneza sasa njia ya kukiri kwa kuijibu meseji ya arifa kwa neno moja, itakayoandika amri ya ACKNOWLEDGE_SVC_PROBLEM kwenye faili la amri za nje, na wamekubaliana kwamba ukiri huo usiwe wa kunata, ili tatizo likibadilika hali usiku huohuo simu ilie tena.